Mwavuli Ambao Babu Hakuumaliza

Shangazi yangu nimemwekea kinyongo miaka sitini na moja, na sijakichoka. Wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga hicho. Nakilisha, kinanenepa.

Alinidanganya nikiwa na miaka saba. Sawa, nani hajadanganya mtoto? Mimi mwenyewe nimewaambia wanangu duka la pipi limefungwa, na mwenye duka kasimama mlangoni anatupungia mkono. Lakini Shangazi alinidanganya kuhusu Babu, halafu akaugeuza uongo wake kichekesho, akawa anakitoa kila familia ikikutana.

Babu alikuwa fundi miavuli. Wazazi wangu walikuwa mbali kikazi, kwa hiyo nililelewa kwake. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, kina dirisha moja na meza moja, na miavuli imening'inia darini kichwa chini kama popo. Kila aliyeingia ilibidi ainame, hata mwalimu mkuu wa shule yetu, mtu aliyetembea kama kameza fimbo.

"Mwone," Babu ananinong'oneza. "Leo katuamkia."

Kazi yangu mimi ilikuwa kulowa. Mwavuli ukishashonwa, Babu ananisimamisha uani juu ya jiwe la kufulia, ananishikisha, anapanda kigoda, ananimwagia jagi zima la maji. Halafu anauliza kwa sauti ya hakimu, "Umelowa?"

Siku moja nilikuwa na haraka, wenzangu wananingoja tukacheze. Tone likaniangukia shingoni, likateremka mgongoni mpaka kule matone yanakoishia. Nikasema, "Sijalowa." Babu akanigeuza, akaona gauni. Hakunipiga.

"Mjukuu wangu," akasema, "ukisema hujalowa na umelowa, kuna mtu atatoka na mwavuli huu akiamini mdomo wako. Huyo umemlowesha wewe, siyo mvua."

Kisha akanimwagia maji mengine, safari hii bila mwavuli, tukacheka mpaka Shangazi akatoka kutukaripia kwamba tunamaliza maji ya kupikia. Shangazi ni binti yake Babu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, hajaolewa, na mtaani walikuwa wanamwita Kengele. Sihitaji kueleza kwa nini.

Babu alianguka mezani asubuhi moja, sindano mkononi, mwavuli mweusi mapajani. Mimi nilikuwa shule. Niliporudi nyumba imejaa watu, Shangazi akanidaka mlangoni.

"Babu amesafiri. Nenda kakae kwa jirani mpaka nikuite."

"Amesafiri na mvua hii? Mbona miavuli yake yote ipo?"

"Amesahau."

Fundi miavuli asahau mwavuli! Hata mimi niliyekuwa sina meno mawili ya mbele niliona hapo pana tundu. Lakini alikuwa mtu mzima kasema, nikaamini. Kwa jirani nilikaa siku tatu. Nikisikia vilio kutoka kwetu, jirani ananiambia wanafanya mazoezi ya kuimba. Waliimba vibaya mno.

Basi, kila ikinyesha, nikawa nauchukua ule mwavuli mweusi, sindano bado inaning'inia kwenye uzi, nakwenda kituo cha basi kumpokea Babu. Nasimama pale. Basi linafika, natazama miguu inayoshuka, maana viatu vyake nilivijua kuliko salamu zangu. Haviteremki. Basi linaondoka. Nangoja linalofuata.

Na Shangazi aliniona nikitoka. Kila mara aliniona. Alikuwa anasema tu, "Usichelewe."

Mwaka ukapita hivyo. Aliyeniambia ukweli ni mama mmoja muuza mboga, alikuja kuulizia mwavuli wake. "Pole, mwanangu," akasema, "tangu tumzike marehemu sijapata fundi wa maana." Nikamuuliza mmemzika nani. Akajiziba mdomo, lakini neno likishatoka limetoka.

Nikakimbilia uani. Shangazi alikuwa anaanika nguo.

"Babu amekufa?"

Akaniangalia, akauangalia mwavuli. "Sasa ulidhani nini, mwaka mzima? Kuna basi la kurudi kutoka huko?"

Akacheka. Mimi nikalala juu ya jiwe la kufulia, nikalia mpaka sauti ikakauka, na mtu wa kuniuliza kama nimelowa hayupo.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Bi Kituo. Siku ya harusi yangu aliwasimulia wakwe zangu, mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Nilipozaa akasimulia, nilipozika mume akasimulia. Na kila mara nikawa namwambia, "Shangazi, sema ulinidanganya. Sema mara moja tu, niishie hapo." Naye jibu lake moja: "Nilikukinga. Ulikuwa mtoto."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa ndefu, lakini ilifika.

Mwaka huu mume wake alifariki, fundi redio mstaafu, mtu mpole, sijui aliwezaje kukaa na Kengele. Nikaenda msibani. Wingu lilikuwa zito, nikabeba mwavuli wangu mweusi. Ndiyo, ule ule. Upande mmoja una tundu ambalo Babu hakuwahi kumaliza kuliziba, na fundi mwingine sijamruhusu aliguse.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, miaka themanini na mitatu, magoti yamekwisha, ulimi mzima. Aliponiona tu:

"Bi Kituo, umefika? Basi halikuchelewa?"

Na maiti ya mumewe iko chumba cha pili!

Kabla sijamjibu, akaingia mjukuu wake wa mwisho, kasichana ka miaka sita, kameshika miwani kwa mikono miwili kama yai.

"Bibi, Babu amesahau miwani. Huko alikosafiri atasomaje?"

Nikamtazama Shangazi. Yeye akautazama mwavuli wangu. Miaka sitini na moja nilikuwa nanoa maneno ya siku hiyo, yote makali, na yote yakanipotea.

"Shangazi," nikasema, "mtoto ameuliza."

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Ambaye hajanyamaza ni huyu."

"Nimpelekee?" mtoto akasema. "Kituo nakijua."

Sikumfundisha. Naapa.

Shangazi akamvuta yule mtoto magotini. "Babu yako hajasafiri, mama. Amekufa. Leo tunakwenda kumzika. Nilikudanganya."

Mtoto akalia. Alilia vibaya mno, na safari hii hakuna aliyesema anaimba.

Halafu Shangazi, bila kunitazama, akasema, "Na wewe. Nilikudanganya na wewe. Lile neno lilinishinda kulitamka."

"Na kucheka?"

"Kucheka ni ubaya wangu tu."

Mvua ilitukuta njiani kwenda makaburini. Mwavuli mmoja, watu watatu: mimi nimeshika mpini, mtoto katikati na miwani yake, Shangazi pembeni na bakora. Tundu la mwavuli ule nalijua kama kitovu changu. Nikauzungusha kidogo. Kidogo tu. Tone likaanza kumwangukia Shangazi kwenye shingo, moja moja, bila haraka.

"Shangazi," nikamuuliza, "umelowa?"

Akasimama. Naye aliwahi kutuona pale uani, alijua ninachomuuliza. Mtoto akainua uso kumtazama bibi yake.

"Nimelowa," akasema. "Mpaka mgongoni."

"Haya, twende," nikamwambia.

Mwavuli sikuuhamisha.