Masala Niliyoisaga Kisiagini

Mama mkwe wangu namjua kwa sauti. Kwa miaka ishirini na sita nimemsikia akikohoa, akiimba nyimbo za kanisa na akifukuza kuku, lakini nikiulizwa sura yake ikoje itabidi nikatafute picha za harusi. Kwao, kule Lugulu upande wa Bungoma, mwanamume hampi mkono mama wa mkewe, haketi naye chumba kimoja, wala hali chakula mbele yake. Kwetu sisi, ambao babu zetu walitoka mkoa wa kati wakaja kulima Trans-Nzoia, mama mkwe huheshimiwa lakini huonekana. Siku hizi hata kwao wengi wamelegeza. Mimi sikulegeza. Msomi akipewa desturi ya watu wengine huishika kwa mikono miwili, kama mgeni aliyepewa mtoto mchanga abebe, anaogopa hata kupumua.

Nyumba yake inasaidia. Sebule na jikoni vimetenganishwa na ukuta usiofika kwenye mabati, kwa hiyo sauti hupita juu bila shida. Mimi hukaa sebuleni, yeye jikoni, na maneno yetu hubebwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayeishi naye.

"Mwambie mkwe karibu."

"Shemeji, mama anasema karibu."

"Mwambie mama asante."

Wote tumeshasikia yote, lakini shemeji lazima atembee.

Mwaka huu mama aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimpa vidonge viwili vya kumeza kila asubuhi baada ya kula, na akamkataza sukari kwenye chai. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maisha yake yote mama ameanza siku kwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa chenye vijiko vinne vya sukari, na chochote alichokula asubuhi alikila kwa ajili ya ile chai. Sasa chai isiyo na sukari aliikataa. Bila chai hakula. Bila kula hakumeza dawa, kwa sababu daktari alisema isiingie kwenye tumbo tupu, na mama humtii sana daktari pale inapomfaa. Mara mbili shemeji alimkuta ameketi chini migombani, ana kizunguzungu, hajui ni siku gani.

Mke wangu alirudi Kitale kutoka huko akavua viatu, akakaa navyo mkononi.

"Mama atatuacha," alisema. "Na hatauawa na sukari. Ataua chai."

Alikuwa amechoka, hata maneno yalikuwa yanamtoka kinyumenyume. Ningekuwa na busara ningemshika mkono nikanyamaza. Badala yake nilisema, "Kinachotakiwa hapo ni masala."

Niseme ukweli kuhusu ujuzi wangu. Niliwahi kuandika makala ndefu kuhusu chai ya Kihindi na namna ilivyoingia katika nyumba zetu. Ilisomwa na mke wangu na mhariri, na kuhusu mhariri sina hakika. Baada ya makala hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa masala. Nilimweleza mke wangu kwamba iliki na mdalasini hudanganya ulimi, ulimi ukadhani umepata sukari. Nilitumia neno "ulimi" mara nyingi.

"Wewe juzi uliunguza maji," alinikumbusha.

"Yale yalikuwa maji. Hii ni masala."

Nilikwenda mjini nikanunua iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi kavu na kungumanga. Mtu aliyeandika makala hajui kununua kidogo. Nilirudi na mifuko ambayo ingetosha harusi, nikaimwaga yote mezani, nikasimama pembeni kama mkulima aliyevuna. Mke wangu aliangalia, akachota konzi moja ya kila kitu kikiwa bado kizima, akafunga kwenye gazeti na kuweka kabatini. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani amependa harufu.

Kisha nikakaanga. Nilikaanga vyote pamoja, kwenye sufuria kavu, kwa moto mkubwa, madirisha yakiwa yamefungwa ili harufu isitoroke. Haikutoroka. Iliniingia puani ikakaa. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nanusa karafuu kwenye sabuni, kwenye viatu, kwenye gazeti la juzi. Niliona ni ushindi. Kumbe pua ilikuwa imekufa.

Blenda ya mke wangu ina kikombe cha kusagia kinachoingia vijiko vichache tu, na mimi nilikuwa na beseni. Kwa hiyo nikachukua beseni langu hadi kisiagini, kwenye mashine ya unga iliyo karibu na kwetu Matisi. Mama mwenye mashine huniita mwalimu kwa sababu ya miwani.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Viungo vya chai."

"Yote hii? Unafungua hoteli?"

"Ni ya mama mkwe."

"Ako na kiu, huyo." Aliinusa, akapiga chafya. "Sasa, hii mashine imetoka tu kusaga chakula ya kuku. Si ungoje nisage mahindi ya hawa watu kwanza, iioshe?"

Kulikuwa na wanawake watatu na madebe yao. Ningengoja nusu saa. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba viungo vilivyokaangwa visagwe vikiwa na joto, na nikaona ni wajibu wangu kumweleza. Nilimweleza yeye, na wale watatu, habari ya mafuta yaliyomo ndani ya iliki na jinsi yanavyopotea hewani. Mmoja wao alikaa chini.

"Haya bana," alisema mama wa mashine. "Chai ni yako."

Alitupa mkebe mmoja wa mahindi mashineni, ukapita, kisha beseni langu likafuata. Mtu yeyote wa Matisi anajua chakula cha kuku hutengenezwa na nini, na nina hakika hata mimi nilijua. Lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo ya juu zaidi. Nilinusa masala yangu: karafuu. Nikanusa tena: karafuu. Nikaijaza kwenye mitungi sita na kuandika tarehe kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi tulishika barabara ya Kiminini na gari letu kuukuu, mitungi sita ikigongana kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu alifungua dirisha. Karibu na Misikhu akafungua na la pili.

"Unasikia harufu?" aliniuliza.

"Naisikia vizuri sana," nilisema kwa fahari.

Tulipofika niliwekwa sebuleni mahali pangu pa kawaida. Shemeji akapokea mtungi mmoja, akapika. Nilisikia maziwa yakipanda, kifuniko kikigonga, chai ikichujwa. Nilisikia mama akivuta kiti chake. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa katikati, mahali pekee ambapo mtu huona pande zote mbili.

Mama alionja. Kikombe kikarudi mezani.

"Muulize mkwe," sauti ikasema juu ya ukuta, "hawa ng'ombe wa Kitale siku hizi wanakula nini."

Shemeji alitokea. "Shemeji, mama anauliza—"

"Maziwa ni ya hapa kwenu," nilisema.

"Mwambie basi si maziwa," sauti ikasema. "Hii chai imetoka ziwani."

Mke wangu aliingia jikoni, akaonja, akatoka na kikombe na kunipa. Nilionja kwa utulivu, nikiizungusha mdomoni kama nilivyoona wajuzi wakifanya kwenye simu.

"Mimi naona iko sawa," nilisema.

"Ulisagia wapi?"

"Kisiagini."

"Kulikuwa kumesagwa nini?"

"Chakula cha kuku tu."

Mke wangu alifumba macho. "Omena," alisema. "Baba watoto, umemletea mama chai ya omena."

Hapo ukuta ulicheka. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimemsikia mama mkwe akifanya kila kitu isipokuwa hicho. Kilikuwa kicheko cha msichana, kilianza chini, kikapanda, kikakatika na kikohozi, kikaanza upya. Shemeji alikaa sakafuni. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia, na mimi nilishika kikombe changu cha dagaa nikitafuta mahali pa kukiweka.

Kisha mama akasema, sasa bila kicheko, "Na ni nani alimwambia akaange karafuu?"

Shemeji hakusimama hata. "Shemeji, nani alikuambia ukaange karafuu?"

 Katika makala yangu yote sikuwahi kuuliza mtu.

Ndipo siri ilipotoka. Kabla hajaolewa, mama alifanya kazi miaka kadhaa jikoni kwa familia ya Kihindi, nyuma ya duka lao Bungoma mjini. Kila wiki alikuwa akitwanga masala yao ya chai kwa mkono. Mke wangu alijua mama yake aliwahi kufanya kazi mjini. Hakujua habari ya masala.

"Mbona hujatuambia, mama?"

"Nani aliniuliza? Baba yenu alitaka majani, maziwa na sukari. Hizo zingine aliziita dawa ya kikohozi. Nikaacha."

Miaka ishirini na sita nilikaa upande wa pili wa ukuta na mtu anayejua kitu nilichoandikia kurasa kumi na mbili.

Mke wangu alikwenda kwenye mkoba wake akatoa ile karatasi ya gazeti yenye viungo vizima. Hakuniangalia. Nadhani alinihurumia.

"Mwambie mkwe atoke nje na kinu," mama akasema. "Aliyeharibu atengeneze."

Basi nikakaa kwenye kigoda nje ya dirisha la jikoni, mgongo ukiwa umeelekea dirishani ili nisione ndani, nikatwanga. Mama alikaa ndani, upande wake wa dirisha, akisikiliza mchi. Hakuhitaji kuona.

"Tangawizi kwanza. Mwambie agonge, asisukume. Ina nyuzi."

Nilikuwa namsikia vizuri, lakini shemeji alizunguka nyumba nzima kuja kuniambia.

"Bado. Inalia kokoto. Sasa pilipili manga. Kidogo! Mwambie ni chai, si mbuzi. Karafuu tatu."

"Tatu tu?" niliuliza. Mimi nilitumia robo kilo.

"Mwambie akitaka dawa ya meno aende kwa daktari wa meno."

Iliki ilikuja mwisho, nyingi kuliko vyote vingine vikiwekwa pamoja, na maganda yake akaniamuru nisiyatupe. Majirani wawili waliokuwa wakipita njiani walisimama. Mkwe wa kiume anayetwanga kwenye boma la wakwe zake si jambo la kila Jumamosi.

"Hee! Si huyu ndiye yule wa vitabu?"

"Ndiye," alijibu shemeji. "Ameongeza masomo."

Nilitwanga mpaka malengelenge mawili yakanitoka kiganjani, na mchi ulipoacha kulia kokoto na kuanza kutoa mlio mzito kama wa mtu anayetembea kwenye vumbi, sauti ikasema, "Hapo." Neno moja. Tangu nihitimu hakuna mtu aliyenipa alama niliyoifurahia hivyo.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado. Vidonge ni vya asubuhi, na kicheko hakiliki. Jumapili, kabla ya kanisa, nilikuwa sebuleni mapema. Shemeji alipika kwa maagizo: masala iwekwe maziwa yakishapanda, moto upunguzwe, ifunikwe, isiguswe. Pua yangu ilikuwa imeanza kufufuka na kwa mara ya kwanza nikasikia iliki yenyewe. Niliwekewa kikombe changu. Sikukigusa. Mke wangu alisimama tena kwenye mlango wake.

Nilisikia kikombe kikiinuliwa. Nikasikia akifyonza. 

"Mwambie mkwe haina sukari."

"Shemeji, mama anasema—"

"Nimesikia," nilisema, moyo ukashuka mpaka kwenye soksi.

Lakini akafyonza tena. Halafu kisu kikagusa sahani, kile kisu kidogo cha kumenyea nduma, yale magimbi ya asubuhi. Nilimsikia akitafuna polepole, kama mtu anayesamehe. Chai ikamiminwa.

"Nusu tu," alisema. "Si kwamba nimeipenda."

Kisha karatasi ya vidonge ikalia, ile ya rangi ya fedha inayopasuka. Ikalia mara moja. Nilingoja. Ikalia mara ya pili. Mke wangu, ambaye aliona pande zote mbili, aligeuka akaninyooshea vidole viwili.

"Na mwambie mkwe," sauti ikasema, imeshapata nguvu, "ile mitungi yake sita asirudi nayo. Jumatano tunapika omena."

Shemeji alikuwa mdomo umejaa nduma, hakuweza kusimama wala kusema. Tulimngoja wote. Kisha nikaugeukia ukuta.

"Sawa, mama," nilisema.

Upande wa pili kijiko kilisimama ndani ya kikombe. Halafu kikaendelea kukoroga, ingawa hakukuwa na kitu cha kukoroga.