Kikohozi cha Shangazi

Wadachi walipowahamisha watu wa Rumonge kutoka kando ya ziwa hadi kambini kwa sababu ya ugonjwa wa malale, mimi nilikuwa mbali, natangatanga. Nilirudi asubuhi moja ya ukungu, nikiwa nimeambiwa kwamba shangazi amekufa. Kijiji kilikuwa kitupu. Nikapiga hodi kwake, kwa mazoea tu.

Ndani akakohoa. Kikohozi chake kilekile.

Nilipiga magoti. "Shangazi, nisamehe, ulale salama. Mbuzi wako hakuliwa na chui. Nilimuchinja mimi."

Mlango ukasukumwa. Zikatoka ndevu nyeupe, kisha mbuzi mzee, anakohoa.

"Huyo ni dada yake," sauti ikasema nyuma yangu. Shangazi alisimama na mzigo wa majani, mzima kabisa. "Nilitoroka kambini nije kumulisha. Yule mwingine ulimula na nani?"