Jiwe la Hoyt na Imogene

Dada yangu Verlene alipika kwenye jiko la shule miaka thelathini na moja, na miguu yake inamkumbusha hilo kila jioni. Hata hivyo kila Aprili, maua ya azalia yakichanua, mumewe Hoyt humtia garini wakazunguke miji ya zamani ya Alabama, kutazama majumba yenye nguzo nyeupe. Siku tatu nzima. Ngazi juu, ngazi chini, na mwongoza wageni aliyevaa gauni pana la kizamani anawaeleza kabati hili lilikuwa la nani. Verlene ana haja gani na kabati la watu? Anakwenda kwa sababu Hoyt anapenda, basi.

Safari huishia Eufaula, makaburini, alikozikwa Imogene, mke wa kwanza wa Hoyt. Hapo ndipo mimi ninapopandwa na hasira, mniwie radhi. Imogene alipofariki, Hoyt kwa uchungu wake aliagiza jiwe la kaburi la watu wawili, kama wengi wetu huku tunavyofanya. Kushoto jina la Imogene na miaka yake. Kulia jina la Hoyt, mwaka aliozaliwa, kistari, kisha patupu pa kungojea mwaka wa kufa. Miaka mitatu baadaye akamwoa dada yangu. Jiwe likabaki vilevile, na kwa miaka ishirini na miwili Verlene amepiga magoti mbele yake aking'oa magugu, Hoyt amesimama kando na kofia mkononi.

Mwaka huu Verlene alichoka. Si miguu tu, hata moyo. Mwezi wa pili daktari alimwambia mapafu yake hayatamfikisha mbali, na tangu siku hiyo swali moja lilimkaa kooni, akingoja Hoyt alianze mwenyewe. Hoyt akajitia hamnazo. Njia nzima mazungumzo yake yalikuwa karanga za kuchemsha, nani anatia chumvi ya kutosha na nani hatii.

Walipofika makaburini Verlene hakushuka. Hoyt akazunguka, akamfungulia mlango, akamwuliza kama anajisikia vibaya.

"Hoyt, mimi utanizika wapi?"

 Hoyt akanyoosha kidole kule kwenye jiwe.

"Pale miguuni petu pana nafasi, mke wangu. Nilishapima."

Petu! Miguuni petu, yeye na Imogene! Verlene aliponisimulia nilitaka kuitupa simu ukutani. Iliniuma kuliko nilivyoweza kumwambia. Yeye wala hakupandisha sauti, hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Alimwambia kwamba magugu ya pale hatayagusa tena. Atalala kwetu Union Springs, ubavuni mwa mama yetu, na jiwe lake litakuwa la mtu mmoja, lenye jina la kwao.

Hoyt akaanza kulia, mzee mzima, ameshikilia mlango wa gari.

"Sasa mimi nitalala na nani, Verlene?"

"Wewe ulishaandikwa, Hoyt."

Verlene akampa leso, kwa mazoea tu. Halafu akamwomba afunge mlango, maana ubaridi wa kiyoyozi cha gari ulikuwa unatoka.