Wakili Aliyesubiriwa na Mama

Matarumbeta ya mitaani yakipita karibu yangu huwa nasaga meno. Wenzangu hucheza na kutoa simu wapige picha. Mimi natafuta upenyo wa kuondoka. Sauti ile inanirudisha Buguruni, likizo moja nikiwa darasa la tano, sokoni kunanukia mananasi na vumbi lililomwagiwa maji, na Wakili anakwenda kuchukua fomu ya kugombea ubunge. Jina lake silitaji. Mnalisikia vya kutosha kwenye taarifa ya habari, na juzi mmemwona kwenye televisheni akisimulia maisha yake, kwamba alikuwa wakili wa wajane wa uswahilini, na machozi yakamlengalenga. Mama yangu alikuwa mmoja wa wajane hao, kwa hiyo na mimi nasimulia.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya jirani yetu, na benchi la nje halikukosa wanawake wenye bahasha za kaki. Sikatai, alikuwa hodari. Alijua kuongea na mtu asiyejua kusoma bila kumdhalilisha. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walitaka kuiuza nyumba yetu ya vyumba sita, nyumba ambayo mama aliijenga pamoja na baba, akibeba maji ya kufyatulia matofali huku mimi nikiwa mgongoni. Mama akampelekea Wakili karatasi zote. "Hiyo nyumba haiuzwi, dada, mie nipo," alimwambia, na mama akapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kesi mama alitangulia mahakamani, akaniagiza nipite kwa Wakili kumkumbusha kuwa ni saa tatu. Nikakuta mtaa umefurika. Kinamama wamevaa sare za kanga, matarumbeta yanalia, watoto wanagawiwa fulana zenye picha yake. Nikajipenyeza hadi kwenye gari. "Shikamoo, Wakili. Mama kashaenda mahakamani, kesi yake saa tatu." Aliitikia marahaba, akainama tukatazamana usoni. "Najua, mwanangu. Nenda kavae fulana." Kisha akapanda garini, akasimama juu, akapunga mkono. Nami nikavaa. Niliimba mpaka sauti ikakauka, nikarudi nyumbani na furaha tele, nikamwona mama kwa mbali amekaa kizingitini, baibui hajalivua. Nikaivua fulana kabla hajaniona. Kule mahakamani mama aliitwa mara tatu, akasimama mara tatu kusema wakili wake yuko njiani, na kesi ikafutwa. Akaniuliza kama nilimwona Wakili. Nikasema sikumkuta.

Mama angeweza kuomba kesi irudishwe, lakini karatasi alikuwa nazo Wakili, na Wakili alikuwa kwenye kampeni. Kila mama alipokwenda, ofisi ilikuwa na kufuli. Nyumba ikauzwa kabla watu hawajapiga kura. Yeye akawa mbunge, akawa waziri, akapanda mpaka huko aliko sasa, ambako msafara wake ukipita sisi wengine tunasimamishwa juani. Nina hasira naye, na simwombi mtu radhi kwa hasira hiyo. Angekuwa amesahau, ningeshamsamehe zamani. Hakusahau. Alipima, akaona mama anaweza kusubiri.

Mama sasa anaishi chumba cha kupanga Mbagala. Kipindi kile cha televisheni tulikitazama pamoja, na Wakili alipofika kwenye habari za wajane, mama akatabasamu. "Alisahau tu siku ile, maskini. Mambo yalikuwa mengi." Miaka yote husema hivyo, na miaka yote mimi hunyamaza, kwa sababu nikisema ukweli wake itabidi niseme na wangu. Safari hii nikashindwa. "Hakusahau, mama. Nilimkuta. Nilimwambia mie mwenyewe, akanijibu anajua. Nikakudanganya." Mama hakunigeukia. Alichukua rimoti akapunguza sauti, akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu anayepita koridoni.

"Usije ukalisema hilo hapa," aliniambia taratibu. "Baba mwenye nyumba anajua yule alikuwa wakili wangu. Ndo maana kodi ikichelewa, mie hanitolei vyombo nje."