Bibi wa nani?

Jamani, kumbe miaka yote hii nimezeeka bure.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Newtown kilianza na igizo la Papa Kasongo, fundi cherehani wa Lubumbashi. Alituandikia, kisha akahamia Midrand.

Mimi wa Tanga nikapewa nafasi ya Bibi wa bwana mmoja. Nikajipaka unga kichwani, nikashika mkongojo.

Leo, kwa mara ya kwanza, Papa kaja mazoezini.

"Mama, juu ya nini bibi ya huyu bwana iko natembea na fimbo?"

"Si bibi yake, Papa?"

"Eeh, bibi yake. Mwanamuke alioa."

Eish. Kwao bibi ni mke.

Na kila yule bwana aliponiimbia mapenzi, mimi nilimpapasa kichwa kama mjukuu.

Sasa mwongozaji anasema nimezoea uzee, atafutwe mke mwingine.

Mkongojo bado ninao. Nimpige nao, au nimwachie Mungu?