Mzee Aliyetaka Kuona Ndege Inavyotuliwa

Mambo ya kichawi niliyacheka miaka yote, kwa hiyo ukinicheka sitakulaumu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa likizo kijijini kwetu Chome. Wakati huo nilikuwa rubani.

Nilikuwa natembea kandokando ya msitu wa Shengena, ukungu umeshuka hadi njiani. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Akasema tu, "Wewe ndiye unayetua madege makubwa. Nionyeshe."

Nani hapendi kuulizwa kazi yake? Nikakaa, nikaanza kujigamba. Mkono wa kulia hewani kama umeshika usukani, wa kushoto kama uko kwenye vishikio vya nguvu za injini, miguu kama iko kwenye pedali. Nikamwonyesha kuwa dege kubwa halivutwi kwa ubabe, unalirekebisha kidogo kidogo. Upepo ukipiga ubavuni, unanyoosha pua kwa mguu. Likifika futi thelathini juu ya ardhi unainua pua kidogo, huku unapunguza nguvu taratibu mpaka magurudumu yaguse.

Naye alifanya vilevile. Haki ya Mungu, mikono yake ilitangulia yangu. Kisha akasema, "Basi, inatosha," akaingia msituni. Mikono yangu ilikuwa ya baridi hadi viwikoni.

Nilipomsimulia mama, aliacha kuchambua maharage. "Aliitikia marahaba?"

"Hapana."

"Na wewe, mwanangu, ukakaa naye?" Akalia. Mimi nikamtania.

Wiki iliyofuata nilikuwa natua, ndege imejaa abiria. Sauti ya mtambo ikahesabu futi zilizobaki: hamsini, arobaini, thelathini. Mikono yangu haikujua la kufanya. Ilikaa pale kama ya mtu mwingine. Kapteni, aliyekaa kushoto kwangu, akasema, "Nimechukua," akashika usukani wake, akainua pua sekunde ya mwisho. Tuligonga lami vibaya, ila tulipona wote.

Madaktari hawakuona ugonjwa. Kwenye mtambo wa mazoezi ya urubani nilijaribu mara nyingi, na kila nikifika futi thelathini mikono inakufa. Leseni sina tena. Nalima tangawizi huku milimani, na jembe nalishika vizuri tu.

Naumia, sikufichi. Lakini kinachoninyima usingizi ni kutojua yule mzee anaitumia wapi ile mikono yangu, na ndegeni amebeba watoto wa nani. Kwa hiyo nakuomba, mtu usiyemjua akitaka umwonyeshe kazi yako, mweleze kwa mdomo. Mikono iache mfukoni.