Mama Nanjala Amimina Mafuta ya Gia

Dalmas alikuwa karani wa bima jijini Nairobi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na katikati ya wiki hakuna aliyemdhania ubaya. Taabu ilianza Jumamosi. Jumamosi alivaa kaptura kuukuu iliyopasuka nyuma, akazunguka nyumba akitafuta kitu cha kutengeneza. Tangu ahamie Kitengela na mkewe Nasike alikuwa ameshatengeneza pasi ikafa, ameshatengeneza mlango wa choo ukagoma kufunguka mgeni akiwa ndani. Sasa, mwaka ule wa 1998, alikuwa amenunua gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la mitumba, na kila ulipoingiza gia ya pili lililia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Rafiki wa kazini akamwambia mafuta ya giaboksi yamezeeka, akamfundisha kuyabadilisha: afungue kwanza nati ya juu ya kujazia, ndipo afungue ile ya chini ya kumwagia, maana ukishamwaga halafu ya juu ikatae, gari limekuwa banda la kuku. Dalmas alilishika neno hilo kama aya ya Biblia.

Basi akalipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya mawe ya ujenzi, akajitosa chini. Nasike alikuwa amekubali kusimama juu amsaidie kumimina. Lakini alipoona nati ya juu inapigwa nyundo huku ikisemeshwa kwa Kibukusu, lugha ya kwao, akambeba mtoto wao Melvin mgongoni, akasema anafika sokoni mara moja. Mama mzazi wa Nasike, aliyekuwa amelala Embulbul kwa mwanawe wa kiume, alitarajiwa jioni.

Mwishowe nati zote mbili zikafunguka. Mafuta ya zamani yakatoka kwa kishindo, nusu yakaingia kwenye beseni, nusu shingoni mwa Dalmas, na yalinuka kama mayai viza. Akaifunga nati ya chini, akapenyeza mpira wa maji kutoka kwenye boneti hadi kwenye tundu la kujazia, na huko juu akauchomekea chupa ya plastiki iliyokatwa kitako iwe faneli, kopo la mafuta mapya akaliacha kando yake. Kisha akarudi chini, akalala chali kumngoja mkewe.

Geti likalia. Dalmas akageuza shingo, akaona viatu vya plastiki na pindo la leso ya buluu. Hodi ilipopigwa akaitambua sauti. Alikuwa Mama Nanjala, mama mkwe wake.

Kwa mila za kwao, mtu na mama mkwe wake hukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na salamu zao hupitia kwa mtu mwingine. Dalmas alikuwa hajawahi kuonwa na mama huyu bila suti. Akavuta miguu ndani, lakini haikuingia yote, maana gari lilikuwa fupi na yeye alikuwa mrefu.

"Fundi, habari ya kazi?" akauliza Mama Nanjala.

Dalmas akabana pua ili sauti yake isijulikane. "Mzuri, mama."

Mama akaketi kwenye jiwe kukwepa upepo wa vumbi, akauliza wenyewe wako wapi. Fundi akasema wametoka. Basi mama akapiga soga. Akamwambia kwamba mkwe wake ni mtu mzuri, hana kelele, anamtunza binti yake vizuri sana, ila fundi asikubali aguse gari hili, kwa sababu mikono ile Mungu alimpea ya kushika kalamu. Kisa cha mlango wa choo alikijua chote, hata jina la mgeni.

Dalmas alichomwa na aibu, kisha akataka kujitetea. "Nasikia huwa anajaribu," akasema puani.

"Anajaribu, ndio. Hata kuku hujaribu kuruka."

Halafu mama akauliza mbona fundi amelala tu, kwani analipwa kwa usingizi? Ikabidi aeleze kwamba anahitaji mtu wa kumimina mafuta juu. Mama Nanjala akakaza leso kiunoni, akasema amemimina uji kwenye matanga mengi, hayo mafuta hayawezi kumshinda.

Na hayakumshinda. Dalmas akishika mpira huku chini, mama akimimina kule juu, ongeza, ngoja, pole pole, wakaelewana kama watu waliozoea kazi pamoja. Mafuta mapya yalipoanza kuchuruzika kwenye tundu, ishara kwamba giaboksi imejaa, Dalmas alifurahi mno akasahau pua yake.

"Imetosha!" akapaza sauti, sauti yake mwenyewe, nzito, ileile aliyosomea neno kanisani siku ya harusi.

Huko juu kopo la mafuta likawekwa chini taratibu.

"Fundi," Mama Nanjala akasema kwa upole, "mimi naingia jikoni. Sitatoka mpaka nisikie maji bafuni."

Dalmas alioga kwa sabuni ya kuogea, akaoga kwa ya kufulia, na bado alinuka. Chakula alikula peke yake sebuleni, akisikia jikoni Nasike na mama yake wakicheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Kesho yake waliendesha hadi kanisani Kisaju, Dalmas kwenye usukani, mkewe kando, mama mkwe nyuma, macho dirishani. Gia ya pili iliingia bila mlio wowote. Mama Nanjala akamwomba Nasike amuulize Baba Melvin yule fundi anapatikana wapi, kwani huko nyumbani pikapu ya mjomba inasumbua.

Dalmas akamwambia Nasike amjibu mama kwamba fundi yule ni mzuri, lakini hafanyi kazi bila yule wa kumimina.